MAPOROMOKO YA USAMBARA YASIWE YA WAGENI PEKE YAO

Mtalii anayemaliza matembezi yake Serengeti au Kilimanjaro na kupanda ndege kuja Unguja hupitishwa karibu na milima ya Usambara bila ya kuambiwa hata jina lake. Akichungulia dirishani huona mgongo wa kijani uliofunikwa na mawingu, kisha huona bahari, na kitambo kidogo baadaye yuko Kisauni akingoja mizigo yake. Mgeni huyo hatumlaumu, kwani hajui asichoambiwa. Linalotushughulisha ni kwamba sisi wenyewe wa Visiwani hatuijui milima hiyo, ingawa baina ya Pemba na pwani ya Tanga pana mkondo wa bahari wa kiasi cha kilomita 50 tu.

Haikuwa hivyo zamani. Katikati ya karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Wasambaa aliyekaa Vuga, alikuwa na sauti hadi kwenye miji ya pwani, na sauti hiyo ilikutana na ile ya Sultani wa Unguja. Richard Burton alipokwenda Vuga mwaka 1857 aliondokea Unguja, akapita Pangani, akafuata njia ambayo wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuizoea. Mlima na kisiwa vilikuwa majirani waliojuana kwa biashara, kwa dini na, tuseme kweli, kwa magomvi vilevile.

Anayetaka kwenda leo ana njia mbili. Ya kwanza hupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, barabara nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, na kabla ya kufika Lushoto msafiri hukuta maporomoko ya Soni, ambako maji hushuka juu ya miamba karibu kabisa na njia. Mbele yake kuna msitu wa Magamba wenye vijia vya kutembea kwa miguu chini ya miti mirefu, na kuna Irente, ambako ardhi hukatika ghafla na mtu husimama akiitazama nyika mamia ya mita chini ya miguu yake. Njia ya pili hutoka Muheza kwenda Amani, katika Usambara Mashariki. Huko Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na kituo cha reli yao ndogo ya Zigi ndicho mahali ambapo wageni wa hifadhi hupokewa siku hizi. Msitu wa Amani una unyevu na giza, umejaa vijito na sauti za ndege, na mtu aliyezoea jua la pwani hustaajabu kujikuta akitafuta sweta.

Wako watakaouliza: haya yatatufaa nini sisi tuliozungukwa na bahari? Jibu letu ni maji.

Unguja haina mto wa kujivunia. Maji ya Mwera hutiririka kwa muda, kisha huzama katika mawe ya matumbawe na kupotea machoni. Tunakunywa mvua iliyohifadhiwa chini ya ardhi, na tangu enzi za Sayyid Barghash, maji ya chemchemi za Bububu yalipoletwa mjini kwa mabomba, tunajua thamani ya chemchemi iliyotunzwa. Mjini Tanga hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Mji ule hunywa maji ya mto Zigi yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani, na mto Zigi huzaliwa ndani ya msitu wa Amani. Ukungu unaotua juu ya majani usiku, na mvua inayopokewa na majani makavu yaliyooza chini ya miti, ndivyo vinavyoufanya mto uendelee kutiririka wakati wa kiangazi. Miti ikiondoka, maji ya masika hushuka kwa mkupuo mmoja yakiwa mekundu kwa udongo, na kiangazi kikifika mto hukonda.

Tena kuna jambo ambalo wasomaji wetu wa Pemba huenda hawajalifikiria wanapowasha taa. Tangu mwaka 2010 kisiwa chao kimeunganishwa na gridi ya Taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Miongoni mwa mitambo inayolisha gridi hiyo imo ya mto Pangani: Hale ya mwaka 1964, iliyojengwa kwa uwezo wa megawati 21, na Pangani mpya ya mwaka 1995 yenye megawati 68. Mto Pangani huanzia Kilimanjaro na Meru, lakini kabla ya kufika baharini huongezewa maji ya Mkomazi na Luengera yatokayo Usambara. Maporomoko yaliyokuwa yakitazamwa na wasafiri wa kale katika mto ule leo kwa sehemu kubwa yamo ndani ya mabomba ya mitambo, na hatuoni ubaya wake. Tunachosema ni kwamba msitu wa Usambara si pambo la watu wa mbali. Umo katika hesabu zetu za nyumbani.

Sasa tuitazame kadhia yenyewe. Misitu hii imepata mabwana wengi. Wajerumani waliifanya mali ya dola yao na Waingereza wakafuata nyayo. Katika miaka ya 1970 na 1980 misumeno ya kiwanda cha mbao iliingia Usambara Mashariki kwa nguvu, mpaka Serikali ikausimamisha uvunaji huo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye ukubwa wa hekta 8,380 hivi, ya kwanza ya namna yake Tanzania Bara. Kwa msitu hilo lilikuwa jambo la heri. Kwa mkulima wa iliki aliyekuwa akipanda chini ya vivuli vya miti ile, kila tangazo lilikuwa na maana ya mpaka mpya asioruhusiwa kuuvuka. Mkulima huyo akiona magari ya wageni yakipita kwenda kutazama maporomoko, ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha ada iliyolipwa langoni kitarudi kijijini kwake.

Mfano wa kuhuzunisha ni ule wa ua. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona maua madogo ya rangi ya zambarau katika misitu ya sehemu hizo, akapeleka mbegu kwao. Ua hilo, Saintpaulia, leo limo katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani na limetajirisha wenye vitalu wengi. Asili yake imebaki kwenye miamba yenye unyevu kandokando ya vijito, na kivuli kikiondoka hufa. Hatujapata kusikia kwamba faida ya biashara ile iliwahi kujenga hata darasa moja mlimani.

Katika jambo hili Visiwa vina la kufundisha, na tunalisema bila ya majivuno. Wakulima wa Pete na Kitogani walipolalamika kwamba kima punju wanakula mazao yao, haikutosha kuwaambia kwamba mnyama yule ni adimu duniani. Tangu miaka ya 1990 sehemu ya ada za wageni wa Jozani ilianza kurudi kwa majirani wa msitu, na utaratibu huo ulikuwepo kabla ya Jozani na Ghuba ya Chwaka kutangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Manung'uniko hayakwisha, na hesabu zinazorudi kijijini daima zina wa kuzitilia shaka. Hata hivyo mwanakijiji anayejua kwamba kima anamletea kisima hamtazami kwa jicho lile la kwanza.

Tuna na la kuonya pia. Wenzetu wa mlimani wakija Unguja tutawaonyesha pwani ya mashariki, ambako mahali pengi mvuvi na mwanamke wa mwani hulazimika kuzunguka ua wa hoteli ili kufika baharini kwa babu zao. Hatupendi kuona Soni ikizungushiwa ukuta, wala vijia vya Magamba vikimwagiwa saruji ili gari lifike mpaka kwenye povu la maji. Kutembea kwa miguu pamoja na kijana wa kijiji anayeujua kila mti kwa jina la Kisambaa ndiyo biashara yenyewe, na fedha yake hubaki mkononi mwa kijana yule.

Kwa maofisa tuna neno mahususi. Utalii si jambo la Muungano. Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar inatangaza fukwe, Wizara ya Bara inatangaza wanyama, na Wakala wa Huduma za Misitu unakata tiketi za msitu. Kila mmoja anafanya kazi yake, na kati yao mlima unapotea. Tunashauri kwamba ofisi hizi zikutane, na zianze na wanafunzi kabla ya watalii. Mwezi wa Juni masika yamekwisha, maporomoko yamejaa na njia zimeanza kukauka. Mwanafunzi wa Chake Chake aliyesomeshwa darasani habari za chanzo cha mto hajapata kuona chanzo chochote. La kuamuliwa ni dogo: ada ya mwanafunzi langoni, chombo cha kuwavusha hadi Tanga, na nani atawapokea Muheza.