Sifa ya Chuo Kikuu Isipimwe kwa Ugumu wa Kuingia



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, familia nyingi za Handeni na Korogwe hulitaja kwanza jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi hukiita Mlimani, mara nyingi kabla hata ya kuulizana kijana anakwenda kusomea nini. Mazoea hayo yanastahili kuhojiwa hadharani, kwa kuwa ndiyo yanayoamua fedha za mahindi ya mkulima wa Mkata na ujira wa kibarua wa mkonge wa Korogwe zitaishia wapi.

Heshima ya Mlimani haikuja bure. Chuo hicho kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na katika kipindi hicho wanahistoria kama Isaria Kimambo na Walter Rodney walifundisha na kuandika humo. Mwaka 1981 Taasisi yake ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo matoleo yake bado yamo mikononi mwa walimu na waandishi. Jina lilijengwa kwa kazi iliyoonekana.

Siku hizi chuo hupimwa kwa ushindani wa udahili, yaani utaratibu wa kuwachuja na kuwapokea waombaji, ikidhaniwa kwamba kinachopokea wenye alama za juu lazima kinafundisha vizuri zaidi. Hata hivyo, aliyeingia na A tatu akihitimu akiwa mahiri, hakuna anayejua ni umahiri kiasi gani alikuja nao na kiasi gani aliupata darasani. Ubora ni kile ambacho chuo kimemwongezea mwanafunzi, nao hutegemea uwiano wa wahadhiri na wanafunzi, hali ya maabara na usimamizi wa mafunzo kwa vitendo, mambo yanayoweza kutofautiana kozi hata kozi ndani ya chuo kimoja.

Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) humweleza mwombaji masomo yanayotakiwa, muda wa kozi, nafasi zilizopo na alama za chini, ambazo kwa kozi nyingi ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Hizo zote ni habari za mlangoni. Mzazi hapati humo idadi ya wanafunzi kwa kila mhadhiri, wala hajui wangapi humaliza kozi kwa wakati na wahitimu wake wamefikia wapi.

Matokeo yake ni kwamba kijana wa Handeni anayependa kilimo anaweza kukipita Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichozaliwa mwaka 1984 kutokana na kitivo cha kilimo cha Mlimani yenyewe, ili tu afuate jina. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo atakuja kuulipa, kozi iwe imara au dhaifu.

TCU inaombwa ichapishe takwimu za uwiano wa wahadhiri na wanafunzi, za wanaomaliza kwa wakati na za walikofikia wahitimu, kwa kila kozi, katika vyuo vyote vya umma na vya binafsi, ndani ya mwongozo uleule. Wazazi na walimu nao waulize habari za kozi kabla ya jina la chuo, kwani chuo chenye ubora wa kweli hakina cha kupoteza takwimu hizo zikiwekwa wazi.

Msomaji,
Handeni, Tanga