Exetat: mashine haijui kama mtoto amekimbia vita

BARAKA, FIZI – Kila Exetat inapokaribia, mazungumzo ya wazazi wa Fizi na Baraka yanakuwa yale yale: pesa za kulipa, masomo yaliyobaki, usalama wa barabara. Kitu kimoja kinasahaulika, nacho ni karatasi ya majibu. Hapo ndipo mtoto aliyekimbia vita anaweza kupoteza pointi za maswali aliyoyajua vizuri.

Mtihani huo wa serikali ulianza mwaka 1967. Maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu, na majibu hayo husomwa na mashine inayotumia mwanga. Mashine inamulika karatasi: palipo weupe mwanga unarudi mwingi, palipo alama nyeusi unarudi kidogo. Kazi yake inaishia hapo. Alama hafifu inaweza kuonekana kama mtoto hakujibu. Jibu lililofutwa vibaya linaweza kuhesabiwa kuwa majibu mawili. Karatasi iliyolowa au kukunjwa inaweza kukataliwa.

Mtu anaweza kuuliza: mbona benki zina mashine isiyosumbuliwa na uchafu? Ni kweli. Namba zilizo chini ya sheki huchapwa kwa wino wenye chembe za chuma. Mashine inautia wino huo usumaku, kisha inatambua kila namba kwa usumaku wake. Hata muhuri ukipigwa juu yake, namba inasomeka. Benki za Marekani zilianza njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950.

Lakini wino huo unachapwa na mtambo, kwa maumbo maalumu. Mwanafunzi hawezi kuutumia kwa mkono wake. Kwa mtihani, basi, mashine ya mwanga ndiyo inayofaa. Inasoma haraka, na haiulizi kabila la mtoto wala jina la baba yake. Katika eneo letu hilo si jambo dogo.

Shida ni kwamba benki inalinda namba zake kwa wino, lakini alama ya mtoto haina mlinzi. Finalisti aliyeteremka kutoka milimani na kufika Baraka na nguo alizovaa tu, anayejifunza bila meza na chini ya hema linalovuja, huenda hajawahi kushika karatasi ya namna hiyo. Anapewa karatasi ile ile na muda ule ule kama wengine. Usawa wa mashine peke yake hautoshi.

Dawa yake haihitaji mamilioni. Maprefe wa shule zinazopokea watoto waliohama watengeneze karatasi za mazoezi, hata kwa kuchora kwa mkono, na kila finalisti ajifunze kujaza kisanduku vizuri kabla ya siku yenyewe. Vituo vya mtihani viwe na meza na mabati yasiyovuja. Karatasi ambayo mashine imeikataa iangaliwe na jicho la mtu kabla ya kuandikwa sifuri.

Nao wazazi, hata walio Nyarugusu kule Tanzania ambako watoto wanafuata programu ya Kongo, wawaambie watoto wao mapema: jibu uliloficha kichwani mashine haliioni. Weka alama moja, nyeusi, mahali pake, na uitunze karatasi isilowe.

Vita vimewanyang'anya watoto hawa nyumba na mashamba. Diploma isipotee kwa sababu ya doa la maji.