Pesa ya nyanya ianzie kwa mtoto

Ukipita Ilula kwa barabara ya Dar es Salaam–Mbeya, unayaona matenga ya nyanya na vitunguu. Sokoni hakuna madoido: vitu viko chini, kipimo ni sado, bei mnaelewana. Kwa afya ya mtoto, mimi nalipenda soko hili kuliko rafu za dukani.

Lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022 ulikuta takribani watoto 57 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Kitaifa ni 30. Na huku ndiko kwenye mahindi na maharage! Sababu ni nyingi, ila ugali mtupu ni mojawapo. Mtoto anashiba, urefu hauji.

Kwa hiyo mkishauza, baba na mama (baba hasa, maana pesa ya nyanya hupenda kukaa mfukoni mwake), kabla ya soda na biskuti nunueni dagaa, maharage, mayai na mboga za majani. Dagaa anayeliwa na mifupa yake ana protini na kalisi, na fungu dogo linatosha kutiwa kwenye uji wa mtoto.

Msipokee punguzo la karanga au mahindi yenye ukungu. Sumukuvu haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Muuzaji akishusha bei kwa sababu hiyo, mwachieni mzigo wake.