Ajali Isiyosemwa Nyumbani

Na Kemunto Moraa

Mvua ya alasiri ikishanyesha Kisii, barabara za udongo huwa utelezi mtupu. Boda inashuka na abiria wawili na mikungu ya ndizi za kupelekwa soko la Daraja Mbili, breki zinafungwa ghafla, dereva anarushwa mbele na kujibamiza kwenye tangi la mafuta kwa sehemu zake za siri. Anainuka, anapangusa matope, anajaribu taa. Goti lililochubuka atawaonyesha wenzake stejini. Jeraha hilo jingine atanyamaza nalo.

Mara nyingi halimdhuru. Ngozi ya huko hupata damu kwa wingi, kwa hiyo mchubuko mdogo hufunga baada ya siku chache. Kitambaa kilicholowa maji baridi, chupi ya pamba inayoshikilia vizuri na dawa ya kawaida ya maumivu hutosha. Tendo la ndoa lingoje. Mwanamke aliyechubuka aweza kujimiminia maji vuguvugu anapokojoa, mwasho upungue. Spiriti, chumvi na majani yaliyopondwa huunguza kidonda tu.

Damu ikichungulia kwenye tundu la mkojo, hapo mambo yamebadilika. Vivyo hivyo mkojo ukiwa mwekundu, ukigoma kutoka na kibofu kimejaa, weusi ukitanda kwenye msamba, au korodani ikivimba na maumivu yakapita saa nzima bila kutulia. Huyo ni wa kufika siku hiyohiyo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii, au ya rufaa ya Nyamira kama iko karibu. Asijikamue mkojo. Wala asikubali kuingizwa mpira wa kutolea mkojo kabla njia haijapimwa, maana mrija wa mkojo uliochanika nusu unaweza kukatika kabisa. Eksrei ya dawa maalumu huonyesha ulipochanika. (Aliyeumizwa kwa kubakwa asisubiri dalili yoyote: dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72.)

Shida kubwa huja wakati kila mtu ameshasahau. Tangi lilipobana mrija dhidi ya mfupa wa nyonga, kovu hujijenga polepole. Miezi, hata miaka baadaye, mkojo unatoka kama uzi, mtu anasimama chooni akikaza tumbo, kisha matone yanalowesha suruali. Anadhani ni kisonono, anakwenda duka la dawa kununua vidonge. Vidonge haviyeyushi kovu. Linahitaji kupanuliwa au kufanyiwa upasuaji.

Kwa nini hakusema mapema? Abagusii wana chinsoni, heshima inayomzuia kijana aliyetahiriwa kuzungumza na babake mambo ya mwili. Wengi huilaumu. Lakini mila hiyohiyo imeacha mlango wazi: babu na mjukuu hutaniana watakavyo, hata kuhusu yale ambayo baba hawezi kuyagusa. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023 hupita nyumba kwa nyumba, na mara nyingi huwakuta akina mama na watoto, vijana wakiwa kazini. Wale wa Keroka, Suneka na Kebirigo wangeutumia mlango huo wa mababu, waketi nao pia, kisha wapite stejini. Swali la kuwaachia ni fupi: tangu uanguke, mkojo una rangi gani?