Asitoke mtoto baada ya mchezo mmoja



Juma lililopita mama mmoja alinisimamisha njiani: "Mwalimu, hilo shindano la sataranji kwa simu, mtoto wangu akishindwa mara ya kwanza, mega zangu zimekwenda bure?" Swali lake ni zuri. Jibu linategemea namna tutakavyolipanga, na hilo tuliamue sasa.

Watoto ni 16: wanane wa hapa Mwadingusha, wanane wa Likasi, nusu wasichana. Tulichagua intaneti kwa sababu safari ikitaka pesa, msichana ndiye wa kwanza kuachwa nyumbani.

Namna ya kwanza ni mtoano: anayeshindwa anatoka. Inakwisha kwa michezo 15, lakini watoto wanane wanatoka baada ya mchezo mmoja tu. Ya pili, kila mtoto anakutana na wote, kama likelemba, ambamo kila mama anafikiwa na zamu yake. Ni ya haki, lakini kwa watoto 16 ni michezo 120. Mega na betri zitatoka wapi?

Ya tatu inaitwa ya Kiswisi, kwa kuwa ilianzia mji wa Zürich mwaka 1895. Hapo hatolewi mtu. Aliyeshinda anakutana na aliyeshinda, aliyeshindwa anakutana na aliyeshindwa mwenzake. Kwa hiyo hata anayeanza kujifunza atapata mtu wa kadiri yake. Mizunguko mitano inatosha: kila mtoto michezo mitano, yote pamoja 40. Tovuti ya Lichess, ambayo ni ya bure, inapanga yenyewe nani akutane na nani. Mimi naomba tuchague hii.

Kila mtoto apewe dakika 10, na sekunde 5 za nyongeza kila anapocheza. Kwa kawaida mchezo mmoja utakwisha ndani ya nusu saa. Tucheze mizunguko mitatu siku ya posho ya kwanza, miwili siku ya posho inayofuata.

Sasa umeme. Mtambo wetu unatoa umeme tangu mwaka 1930, lakini sote tunajua giza la nyumbani. Hata wakubwa yaliwapata. Mwaka 2020, wakati wa korona, Olimpiki ya sataranji ilichezwa kwenye intaneti. Katika fainali ya India na Urusi, tarehe 30 Agosti, Nihal Sarin na Divya Deshmukh wa India walikatikiwa na intaneti, muda wao ukaisha. India ililalamika, na mwishowe nchi zote mbili zikapewa dhahabu. Sisi hatuna zawadi mbili. Basi tukubaliane mapema: simu moja ikikatika, mtoto anapoteza mchezo ule tu, anarudi mzunguko unaofuata. Mtandao ukikatika kwa kikundi kizima, mzunguko unarudiwa siku nyingine. Simu zote zichajiwe tangu jana yake.

Watoto wa kila upande wakae chumba kimoja, na mama mmoja awasimamie. Si lazima ajue sataranji. Kazi yake ni kuona kwamba hakuna simu ya pili chini ya meza, maana siku hizi programu ya simu inamshinda hata bingwa wa dunia, na mtoto anayeiuliza hajifunzi kitu.

Neno la mwisho. Katika Olimpiki ile kila timu ilicheza watu sita, watatu wao wanawake na wasichana. Sisi nasi tumeandika nusu kwa nusu, lakini karatasi haitoshi. Tutacheza kuanzia saa nane ya mchana, na saa ya mchezo haimngojei mtu. Msichana akiitwa katikati kuchota maji au kusonga bukari, amekwisha kushindwa, na si kwa sababu hajui kucheza. Kaka yake haitwi. Siku hizo mbili, wamama, naye tusimwite.