Dhamana ya Fundi Sanifu wa Upimaji Ardhi
Mwaka 2002 Serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, uliogusa Bunju na Mbweni upande wa Kinondoni, na Toangoma na Kibada upande wa Temeke ya wakati huo. Wanasiasa waliotangaza mradi tunawakumbuka. Fundi sanifu aliyesimika bikoni hatumkumbuki. Ilhali hati miliki haiwezi kuwa na nguvu kuliko vipimo vinavyoibeba. Bikoni ikisogezwa hatua mbili ili kumridhisha mwenye fedha, mahakama hurithi mgogoro wa miaka mingi. Wajibu wa fundi ni kuandika alichokipima, si alichoagizwa. Wajibu wa halmashauri ni kumpatia usafiri na posho, kwani anayebebwa na gari la mwenye kiwanja atapata wapi ujasiri wa kumwambia, “Mpaka wako unaishia hapa”?