Spesa ya rimu: kuingia si kukaa

Nimekaa kimya karibu mwezi mzima, na leo siandiki habari za programu. Naandika habari za magurudumu, kwa sababu nimekasirika. Mwenye haraka aruke hadi aya ya mwisho. Mwenye rimu mpya garini naomba asome yote.

Jumapili iliyopita nilishuka feri upande wa Likoni, dadangu na wanawe wawili wakiwa kiti cha nyuma. Tulipoanza kupanda kile kilima nikasikia gurudumu la mbele: ko, ko, ko. Nikaegesha kando, nikashika nati. Mbili kati ya nne zilizunguka kwa vidole. Kwa vidole, jamani!

Rimu zile nilizinunua wiki mbili nyuma. Zilipogusa shokomzoba, muuzaji alichomoa spesa kama mtu anayegawa peremende. "Tia tu bosi, spesa ni spesa. Mradi imeingia, haina neno."

Lina neno, tena kubwa. Katika kazi yangu, programu kufunguka bila kulalamika si ushahidi kwamba inafanya kazi. Rimu ni vivyo hivyo: kuingia si kukaa. Nami sikatai kosa langu: mtu anayepima kila kitu kazini alikubali kuuziwa chuma bila kipimo.

Basi tupime. Gari langu ni Vitz: boliti 4 kwenye mduara wa mm 100, habu ya mm 54.1, nyuzi za M12x1.5. Rimu za zamani zimeandikwa 5.5J ET45, mpya 7J ET45. Zimeongezeka inchi 1.5, yaani mm 19 ndani na mm 19 nje. Kutoka rimu ya zamani hadi shokomzoba nilikuwa na nafasi ya mm 16. Kumi na sita toa kumi na tisa: chuma kinakula chuma. Ndipo ikaja spesa ya mm 8.

Sasa hesabu upande ambao hakuna aliyeuangalia. Spesa ya kupachika tu, isiyo na boliti zake, hula urefu wa boliti za habu. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike nyuzi angalau sawa na unene wa boliti: M12, mm 12. Kila mzunguko ni mm 1.5, kwa hiyo mizunguko 8. Zangu zilizunguka 4. Milimita 6, nusu ya inayotakiwa, na juu yake watoto wa dadangu.

Kuna kosa la pili. Spesa ile ilikuwa na tundu pana la kuvaa kila gari, ikafunika ukingo wa habu unaoweka rimu katikati. Gurudumu likawa linatafuta katikati yake kwa nati peke yake. Mtetemo ukianza, nati hulegea.

Wapo watakaosema, "Si nilisema? Spesa zote ni hatari!" Huo nao ni uvivu wa kufikiri. Spesa iliyochongwa kwa kipimo cha habu, na boliti ndefu zaidi, ni kifaa halali. Ile yenye boliti zake huanzia karibu mm 15, kwani boliti za zamani lazima zizame ndani yake. Irudie kuikaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Na sisi wa pwani tuifungue mara kwa mara, maana chumvi ikipata alumini na chuma vimegusana, huvila taratibu.

Lakini swali la kwanza si spesa gani. Ni kwa nini unaihitaji. Spesa ya mm 8 juu ya ET45 ni sawa na rimu ya ET37. Kumbe nilinunua namba isiyo yangu, kisha nikanunua kiraka cha kuirekebisha! Na kiraka chenyewe kilisukuma rimu nje mm 27, karibu na fenda. Ningechukua 6J ET45, ingeingia ndani mm 6 tu. Nafasi ya mm 10 ingebaki, bila spesa, bila makelele.

Kwa hiyo, uwe Kisauni, Changamwe au Likoni, nenda dukani na namba za rimu yako ya zamani pamoja na rula. Nati zikaze kwa kukatisha, si kwa kufuata duara. Toyota kama yangu hutaka Nm 103, si uzito wa fundi aliyesimama juu ya spana. Kabla ya kulipa, zungusha nati kwa mkono na uhesabu kwa sauti. Ikigota kabla ya nane, acha rimu hapo hapo.

Muuzaji akicheka, mwache acheke. Yeye hapandi nawe kile kilima.